Kigari cha Viti Viwili

Wanawake ninaokaa nao kwenye benchi la kliniki, wale ambao miguu yao imevimba kama ilivyovimba yangu, huniuliza kigari kile cha watoto wawili nilikipata wapi. Waliniona zamani nikikisukuma kando ya bahari, hapa Amu, ambapo watu wa bara hupaita Lamu, wakadhani nilikuwa nimepata dawa ya shida zangu. Huwaambia wasubiri nimalize kumeza vidonge vyangu, kisha huwaeleza yote, na wengi wao hawaniulizi tena. Sasa nimechoka kuyasema kila mwezi. Nayaandika hapa kwa ajili ya yule aliyeambiwa leo asibebe mtoto, naye ana wawili nyumbani.

Nilimzaa Yunus mwanzo wa kusi, dada yake Swabra akiwa na miaka miwili na miezi michache. Uzazi wa Swabra haukunitia hata homa. Kwa hiyo safari hii siku za arubaini zilipoanza na miguu ikajaa, hakuna aliyeshtuka, na mimi ndiye niliyeshtuka kidogo kuliko wote. Mzazi hutakiwa anenepe. Nilikandwa kwa maji ya moto, nikafungwa tumbo, nikaletewa mchuzi wa papa mkavu uliokolea chumvi, nikala nikamaliza, na kila aliyeingia kumtazama mtoto alinisifu kwamba nimejaa, mashallah. Pete ilikataa kutoka kidoleni. Ndara zikakataa kuingia miguuni. Nikilala chali nilihisi kama mtu amenikalia kifuani, basi nikaanza kulala nimekaa, nimeegemea mito mitatu. Wakasema ni maji ya uzazi, yatashuka yenyewe. Niliwaamini kwa sababu nilitaka kuwaamini, na kwa sababu mwanamke aliye ndani ya arubaini hatoki nje kwa ajili ya miguu tu.

Siku ya thelathini na moja sikuweza kutoka kitandani kwenda chooni bila kukaa chini njiani. Mume wangu, Athman, ni fundi wa mashine za boti. Husikiliza injini kwa sikio kabla hajaifungua. Alikaa karibu yangu akanisikiliza ninavyohema, kisha akaondoka kwenda kuita watu bila kumuuliza mtu yeyote kama arubaini imekwisha. Kwa hilo nitamshukuru daima, hata nikikumbuka mengine. Nilipitishwa vichochoroni nimebebwa juu ya kiti cha plastiki, nimefunikwa buibui mpaka usoni, na njia nzima nilikuwa nikisikia watu wakiuliza ni maiti au ni mgonjwa.

Kutoka hospitali ya hapa tulivushwa Mokowe, na kutoka Mokowe tukapelekwa Mombasa. Habari za kitabibu sitaki kuziandika, daktari wako atakueleza zako. Mimi niliambiwa hivi: moyo umechoka kwa sababu ya uzazi, umekuwa mkubwa na hausukumi damu inavyotakiwa, kuna dawa, wengine hupona na wengine hawaponi, na usizae tena. Hili la mwisho niliambiwa tukiwa tumesimama kwenye korido, watu wakitupita na mafaili. Dada yangu Zuhura, anayekaa Mombasa, alikuwa amempakata Yunus. Akanitazama mimi, halafu akamtazama mtoto, kana kwamba mtoto ndiye aliyefanya kosa.

Ninachokumbuka zaidi ni mabenchi. Benchi la Mombasa lilikuwa la chuma, baridi, lenye matundu, na ukikaa saa tatu unainuka na alama za yale matundu mapajani. Benchi la Amu ni la mbao na lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo akiinuka mtu wa upande ule nyote mnainama. Nilijifunza kumjua mgonjwa wa moyo kabla hajakaa. Huwa anatazama ngazi.

Vidonge vya kukojoza viliyatoa yale maji yote. Kwa wiki mbili sikuwa na kazi nyingine ila kwenda na kurudi chooni. Nilipomaliza kupunguka nilibaki ngozi, ile pete iliyokataa kutoka ikaanguka yenyewe ndani ya beseni la vyombo, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Niliambiwa nimwachishe Yunus ziwa kwa sababu ya dawa. Maziwa yalikuja siku nane zaidi bila mtu wa kuyanywa. Waliokuwa wakisema nimejaa mashallah sasa walikuwa wakiingia, wananitazama, wanasema subira. Neno hilo nimelisikia mpaka sitaki tena kulisikia kwa mtu ambaye miguu yake ni mizima.

Na hapo ndipo lilipoanza hili la kubeba. Muuguzi wetu wa kliniki, Sista Nyambura, mtu wa bara, mpole lakini hazungushi maneno, aliniambia nikiwa nimekaa mbele yake na Swabra amenikalia miguuni.

"Mama Swabra, hii moyo yako inafaa ipumzike. Usibebe kitu inapita jagi ya maji. Hata mtoto. Wewe kaa, mtoto akuje kwako."

Sijui huko kwao watoto wanalelewaje. Kwetu mtoto hukaa kiunoni mwa mtu. Huyu akichoka humpa yule, yule humpa jirani, na mtoto hufika mwaka wa tatu miguu yake haijajua vizuri mawe ya njiani. Swabra alikuwa akininyanyulia mikono kila nilipopita. Nilimwambia mama anaumwa. Akanyanyua tena. Nilikaa chini nikamvuta kwangu, lakini hilo silo alilokuwa akitaka, alitaka kwenda juu. Alilia hivyo kwa mwezi mzima, halafu siku moja nikampita naye hakunyanyua mikono. Wengine wakasema alhamdulillahi, amezoea. Mimi siku ile nilijifungia nikalia.

Athman alijitahidi. Mwanzo alikuwa akitupeleka kliniki sote, Yunus mkono huu na Swabra mkono huu, mimi nyuma nikikokota miguu. Lakini boti hazisubiri, na kliniki zilikuwa nyingi. Yunus na chanjo zake, mimi na vipimo vyangu, mara wiki hii mara wiki ijayo. Majirani walisaidia, kisha wakasaidia kidogo, kisha wakawa na shughuli zao. Mama yangu alikwisha kufa. Mimi ni mtu wa Pate, na hapa Amu sina ila watu wa mume.

Basi akaja mavyaa wangu, mama yake Athman, Bi Mwanakombo wa Siyu. Alikuja na kikapu cha mihogo na uamuzi aliokwisha kuukata. Alisema atamchukua Swabra akae naye Siyu mpaka nitakapopona. Hakusema kwa ubaya. Huko ndivyo inavyofanywa, mtoto hulelewa na nyanya na hakuna anayeona ajabu. Athman mwenyewe alilelewa na nyanya yake. Lakini nilikuwa nikijua jambo moja ambalo wao waliliona dogo. Athman mpaka leo humwita mama yake "Bi Mwanakombo". Nyanya aliyemlea ndiye aliyemwita mama hadi siku aliyomzika.

Nilikataa. Nikasema nitapata njia ya kuwatoa wote wawili mimi mwenyewe. Mavyaa alinitazama miguu, akaweka sharti mbele ya mwanawe. Aliniambia kwa maneno haya, na nimeyakumbuka kwa sababu yalikuwa ya haki:

"Ukiweza kuwapeka wana hawa kiliniki na kurudi nao, wote wawili, bila ya mtu kukutukulia, mimi sina neno. Nitarudi Siu na kikapu changu."

Kutukua, kwa maneno yao, ni kubeba. Athman akaitikia kwa kichwa. Mavyaa akarudi kwao kungoja, akasema atakuja mwezi ukiandama.

Habari ya kigari aliileta Sista Nyambura. Alisema kusukuma si kubeba, moyo unaruhusiwa kusukuma polepole penye tambarare, na kwamba kuna vigari vya watoto wawili. Nilimpigia Zuhura. Akazunguka kwa wauza mitumba wa Mombasa siku mbili, akanitumia picha kwenye simu mpaka simu ikajaa. Hapo nikagundua kwamba viko vya aina mbili. Kuna kirefu chembamba, kiti kimoja mbele na kingine nyuma. Na kuna kipana kifupi, viti viko sambamba, watoto wamekaa bega kwa bega.

Wewe utakayenunua, sikiliza jinsi nilivyochagua, usichague hivyo.

Sista Nyambura aliangalia picha zote mbili akasema nichukue kile kirefu, njia zenu ni nyembamba. Athman naye akaelekea huko. Mimi nikasema hapana. Sababu niliyoitoa ilikuwa ya uzito: kile kirefu, ukifika penye mfereji au kizingiti, lazima ukandamize mkono wa nyuma kwa nguvu ili kuinua mbele, na mimi nguvu hiyo sina. Ilikuwa kweli. Lakini sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Katika kile kirefu, Yunus angekaa mbele kwa kuwa ni mdogo, na Swabra angekaa nyuma akitazama mgongo wa kiti. Nilikuwa nimeshamweka nyuma miezi mitano. Nilitaka nikiwasukuma niwaone wote wawili, na wao waone njia sawasawa.

Ikabaki upana. Na hapa ndipo tulipofanya kosa ambalo mtu wa bara asingelifanya, kwa sababu mtu wa bara angechukua futi akapima njia. Sisi njia za Amu hatuzipimi kwa futi. Mtu akitaka kupitisha kabati, kitanda, jeneza, huuliza swali moja tu, kama punda wa mchanga anapita. Panapopita punda mwenye magunia ya mchanga pande zote mbili, chochote kingine kitapita. Ndivyo nilivyosikia tangu nina akili zangu, hata kwetu Pate. Athman alitoka na kamba, akamsimamisha mwenye punda mtaani, akanyoosha kamba kutoka gunia la kulia hadi gunia la kushoto, akafunga fundo. Kamba ile akampelekea Zuhura kwa boti, naye akapima nayo kigari kule Mombasa. Kigari kilikuwa chembamba kuliko mzigo wa punda kwa shubiri nzima. Tulifurahi. Niliuliza mara mbili kama ni shubiri ya Zuhura au ya muuzaji, nikaambiwa ni ya muuzaji, mwanamume wa kiganja kikubwa, nikafurahi zaidi.

Kikaja na boti, kimefungwa kwa nailoni, cha buluu, gurudumu moja likilia kidogo. Athman alilitia grisi. Tulikijaribu uani, nikawasukuma watoto kuzunguka kisima, na Swabra alicheka kicheko ambacho sikukisikia tangu uzazi. Alikuwa amemshika Yunus kidole. Nikakitoa nje nikaenda nacho mpaka dukani na kurudi. Kilipita vizuri. Moyo ulidunda lakini haukunishinda. Jioni ile nilimwambia Athman amwambie mama yake aje na kikapu chake, atarudi nacho kitupu.

Alikuja. Siku ya kliniki niliamka mapema nikaoga polepole, nikameza vidonge, nikawavisha watoto. Mavyaa alisema atabaki nyumbani asije akanitia haya. Nilitoka peke yangu na wanangu wawili mbele yangu, na naapa sikuwahi kujiona mzima vile tangu nianze kuumwa. Njia ya kawaida ina vidaraja vitatu vya ngazi, kwa hiyo nilikata kulia nipite kichochoro cha nyuma ambacho ni tambarare mpaka baharini. Punda hupita humo kutwa.

Katikati ya kichochoro kile kuna nyumba mbili zinazotazamana, na kila moja ina baraza ya mawe mlangoni, mbili zikielekeana. Nilizifahamu baraza zile. Niliwahi kukaa hapo mwaka nilioolewa hapa, nikiwa bi harusi mgeni mtaani, na punda akija tulipandisha miguu juu mzigo upite. Kigari kiliingia baina ya baraza mbili kikaenda hatua moja, mbili, kisha kikakwama. Gurudumu la kulia lilikwaruza jiwe, la kushoto likakwaruza jiwe. Nilisukuma. Kikajikaza zaidi.

Nilisimama pale nikatazama chini, na hapo nikaelewa, kwa kuchelewa, jambo ambalo nimelitazama maisha yangu yote. Mzigo wa punda hupita juu ya baraza. Kule chini, baina ya mawe, hupita miguu tu. Tulikuwa tumepima hewa.

Nilijaribu kukivuta nyuma. Nyuma yangu alikuwa ameshafika mtu na punda, magunia ya mchanga kushoto na kulia, yamening'inia juu ya baraza zile kwa raha zao. Yule bwana alikuwa na adabu. Alisema nisiwe na haraka, atangoja. Mbele wakatokea wanawake wawili wakasimama. Yunus akaanza kulia. Nikaona hakuna njia ila kuwatoa watoto, nikunje kigari, nikipitishe ubavu. Nilimfungua Swabra mkanda, nikamwingiza mikono chini ya makwapa, nikamwinua.

Mara ya kwanza kwa miezi mitano. Alinishika shingo palepale, kwa mikono na miguu, hakuuliza kwa nini. Sijui nilimshika kwa muda gani. Najua tu kwamba masikio yaliziba, kichochoro kikawa cheupe, na kilichofuata nilikuwa nimekaa barazani, kichwa ukutani, nikitafuta pumzi na siioni, na Swabra amesimama chini ananivuta buibui.

Mavyaa hakuwa amebaki nyumbani. Alikuwa akinifuata kwa mbali. Alipita ubavuni mwa punda, akapanda juu ya baraza na viatu vyake, akashuka upande wa pili, akamtwaa Yunus akampakata mkono wa kushoto, akamtwaa Swabra akamkalisha kiunoni kulia. Mwanamke wa miaka sitini na zaidi. Alisimama na wanangu wote wawili bila hata kuhema.

"Mwana hutukuliwa, Rukia," akasema, polepole, wala si kwa kunisuta. "Huyu mkubwa n'takwenda naye. Sema mwenyewe."

Pumzi niliyokuwa nayo ilitosha neno moja. Ningeweza kusema hapana. Nilisema, "Haya."

Na sasa nitaandika jambo ambalo sijamwambia mtu kwenye benchi lolote. Swabra alipoondoka kesho yake, nililala. Nililala mchana na usiku, nikaamka nikala, nikalala tena. Nyumba ilikuwa nyepesi. Sikulia mpaka siku ya nne. Ukiambiwa mama huumia siku anapotenganishwa na mwanawe, ujue wengine huanza kwa kupumua, na hiyo ndiyo sehemu isiyosameheka. Nakuandikia hili ili likikupata usidhani u peke yako.

Baada ya hapo miezi nilikuwa nikiihesabu kwa dawa. Walipoongeza kidonge cha asubuhi ilikuwa mfungo wa kwanza nisiofunga. Walipopunguza vya kukojoza ilikuwa kaskazi, na Maulidi yalinikuta naweza kupanda ngazi kumi bila kusimama. Siyu sikuweza kwenda. Boti husubiri maji yajae ndipo iingie mkondoni, kisha kuna kutembea, na daktari alisema si sasa. Athman alikuwa akienda kila alipopata nafasi, anarudi na video kwenye simu. Swabra akifukuza kuku. Swabra akisoma alifu kwa kijiti. Mara moja nilimsikia kwenye video akimwita nyanya yake mama, na Athman akaizima kabla haijaisha.

Kigari hakikwenda bure. Nilizunguka nacho njia ndefu ya baharini, Yunus kiti cha kushoto, na kiti cha kulia nikiweka unga, mafuta, nepi, bahasha ya picha zangu za kifua. Watu walinitania kwamba nimezaa pacha wa unga. Nilicheka nao. Siku moja nilimrushia Athman lawama ya ile kamba, nikamwambia fundi gani asiyejua kupima. Alikuwa anafuta mikono oili, hakuinua kichwa. Alisema, "Cha kufuatana kingepita. Wewe ndiwe uliyechagua." Tatizo ni kwamba alisema kweli, na mimi pia nilisema kweli.

Baada ya miaka miwili na nusu kipimo cha Mombasa kilitoka kizuri. Daktari, mwingine, kijana, alinionyesha moyo wangu kwenye kioo ukifunga na kufungua, akasema umerudi karibu na ulivyokuwa, niendelee na vidonge viwili. Nilitoka nikakaa kwenye lile benchi la matundu nikamshukuru Mungu. Halafu nikampigia Athman nikamwambia neno moja: Siyu.

Tulikwenda. Nilitembea ile njia yote kwa miguu yangu. Mavyaa alitupikia, akatandika mkeka, na tulipomaliza kula akasema maneno ambayo siwezi kuyaona mabaya nikiyachambua moja moja. Kwamba mtoto yuko chuoni anasoma Kurani, yuko shule, ana wenzake. Kwamba yeye hamzuii. Tumuulize mwenyewe. Athman akamuuliza. Swabra alikuwa amesimama nyuma ya bega la nyanya yake, ameshika ncha ya leso yake. Alitutazama kwa heshima, akatikisa kichwa.

Basi huja likizo. Mwaka huu amekuja ana miaka sita, mrefu, mkimya, ananisalimia kwa kunibusu mkono kama alivyofundishwa. Hula anachopewa. Yunus humburura huku na huku kumwonyesha vitu vyake, na ndiye aliyemwonyesha kigari, kilichokunjwa nyuma ya mlango wa ua. Swabra alikitazama sana. Akaniuliza kiti cha pili kilikuwa cha nani.

Nikamwambia, "Chako."

Akapapasa mkanda wake kidogo, akaurudisha ulivyokuwa. Kisha akaniambia, kwa adabu zile zile za Siyu, "Bi Rukia, naomba mai ya kunwa."

Nakuomba wewe uliyenisoma mpaka hapa ufanye mawili. Miguu ikijaa ndani ya arubaini, toka, arubaini ingojee. Na ukinunua kigari, inama upime chini, yanapopita magurudumu. Mengine siyajui, na anayekwambia anayajua mkwepe.

Nilikwenda mtungini kumtekea maji. Mji mzima huu huniita Mama Swabra, tangu siku niliyomzaa. Hata yule mwenye punda wa mchanga huniita hivyo. Nikiwa nimeinama na kata mkononi, jirani akabisha hodi mlangoni, akaita, "Mama Swabra."

Swabra alikuwa karibu na mlango kuliko mimi. Nilimsikia akimfungulia, akamwamkia vizuri, akamjibu.

"Hayuko. Yuko Siu."